Pembejeo za Union ziliishia wapi, na je, zinaweza kurudi?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mjukuu wa mkulima wa kahawa, Rombo. Babu ana miaka 88 na bado anayo kadi yake ya chama ya mwaka 1958. Anasema enzi zao Union, yaani chama kikuu cha ushirika wa kahawa, ilikuwa inawaletea mrututu (dawa ya shaba ya kupulizia mibuni), mbolea na pampu za kunyunyizia mpaka kwenye chama, na hawakutoa senti, unasaini tu. Anasema Nyerere ndiye aliyeiua mwaka 1976 kwa sababu Wachaga walikuwa wameendelea. Sasa hivi AMCOS yetu, yaani chama chetu cha msingi cha ushirika wa mazao, ipo kwa jina, ofisi inafunguliwa msimu wa kahawa tu. Tuko wakulima kama 60, kila mtu ananunua dawa na mbolea kivyake madukani, na mwaka jana wengine waliuziwa dawa feki. Tunataka tununue kwa pamoja. Tuifufue AMCOS au tuanzishe kikundi chetu? Na je, kadi ya babu ina thamani yoyote? Nyuma yake kumeandikwa kwa mkono 'mrututu ratili 20, pampu siku 2', halafu mstari umekatwa kwa kalamu."

Marahaba, binti yangu, na babu mfikishie shikamoo yangu.

Nitaanza na hayo maandishi ya nyuma ya kadi. Nimekagua vitabu vya vyama vya msingi kwa miaka mingi, na nikiyasoma namwona karani akiwa kazini. Mrututu ratili 20 ni mzigo aliouchukua babu. Pampu siku 2 ni kukodi, kwa maana pampu ilikuwa mali ya chama na ilizunguka kihamba (shamba la nyumbani la Mchaga) hadi kihamba. Na ule mstari uliokatwa ndio wenye habari kubwa: karani aliukata siku babu alipoleta kahawa yake, ikapanda mizani, na gharama ya mrututu na pampu ikaondolewa kwenye malipo. Kwamba hakutoa senti siku ile anachukua, ni kweli kabisa. Alizitoa miezi kadhaa baadaye, tena zilitoka kabla hazijamfikia mkononi, ndiyo maana hazikumuuma na leo hazikumbuki.

Kwa hiyo ulikuwa mkopo. Nalisisitiza hili kwa sababu kila mwaka nakutana na vijana wenye nia njema kama nyinyi wanaotaka "kurudisha enzi za Union" wakidhani kulikuwa na mfadhili aliyegawa dawa. Wanaanza kwa kutafuta mfadhili. Wangeanza kwa kuuliza yule karani alikuwa na uhakika gani kwamba deni litarudi, wangefika mbali zaidi.

Turudi nyuma kidogo, kwani hapo ndipo jibu la swali lako la 1976 lilipo.

Kahawa ya arabika ililetwa Kilimanjaro na wamisionari Wakatoliki, kituo chao cha Kilema kikiwa miongoni mwa vya mwanzo. Baada ya vita ya kwanza ya dunia Wachaga walianza kuipanda kwa wingi kwenye vihamba vyao, katikati ya migomba, wakihimizwa na Charles Dundas aliyekuwa mtawala wa Kiingereza pale Moshi. Walowezi wa Kizungu wenye mashamba makubwa hawakufurahi. Hoja yao moja ilikuwa kwamba mwenyeji hawezi kutunza kahawa, kwamba kihamba chake kitakuwa shamba la kufugia wadudu na magonjwa yatakayoingia kwenye mashamba yao. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, rais wake wa kwanza akiwa Joseph Merinyo. Kazi zake za mwanzo zilikuwa kuilinda kahawa ya mwenyeji: kupambana na wadudu na magonjwa, kutafuta zana na dawa, na kuuza kwa pamoja.

Naomba hapo usipite haraka. Watu wengi wakisikia ushirika wa kahawa wanafikiria kuuza. Kumbe kupata dawa na pampu kwa pamoja kulikuwa suala la kufa na kupona tangu mwanzo. Mlowezi angefanikiwa kuthibitisha kwamba kahawa ya Mchaga ni chanzo cha magonjwa, serikali ingekuwa na sababu ya kumkataza kuilima, kama ilivyokuwa kwa majirani zao wa Kenya, ambako Waafrika wengi walizuiwa kulima arabika kwa miaka mingi. Pampu iliyokuwa inazunguka vihambani ilikuwa na kazi mbili, kuua wadudu na kuwanyamazisha walowezi.

Chama kile cha kwanza hakikudumu. Bei ya kahawa iliporomoka katika mdororo wa uchumi wa dunia, madeni yakakikaba, na serikali ya kikoloni nayo haikupenda kuona chama kikubwa cha Waafrika kisichokuwa chini ya mkono wake. Sheria ya vyama vya ushirika ikatungwa mwaka 1932, na mwaka 1933 likazaliwa shirika jipya, KNCU (Kilimanjaro Native Co-operative Union), likiwa na vyama vya msingi chini yake na meneja Mzungu, A. L. B. Bennett, aliyekuja kukaa miaka mingi. Hiyo ndiyo Union ya babu yako.

Kisha likaja jambo ambalo wazee wengi hawapendi kulisimulia. Utawala uliweka amri kwamba kahawa yote ya Wachaga ipitie KNCU, hakuna kumuuzia mwingine. Bei ilikuwa mbaya, watu wakaona wamefungwa kamba, na mwaka 1937 zikatokea ghasia, wakulima wakivamia maghala ya vyama vyao wenyewe. Ndiyo, hiyo hiyo Union tunayoilia leo. Nalisema hili kwa kuwa hadithi ya ushirika inapendeza sana ikisimuliwa kama paradiso iliyopotea, na mtu akiamini hivyo hatajua la kufanya siku wanachama wake mwenyewe watakapomgomea.

Lakini ona amri ile ilichofanya upande wa pembejeo. Kahawa yote ikiwa na mlango mmoja wa kutokea, karani anaweza kumpa mkulima dawa mwezi wa tatu bila wasiwasi, kwa sababu anajua kahawa itakuja kwake tu. Shamba hakuliweka rehani, mdhamini hakumtaka, polisi hakuwahitaji. Mizani yake ndiyo ilikuwa dhamana. Huu ndio moyo wa jibu langu lote, binti yangu: mkopo wa pembejeo ulisimama juu ya mlango mmoja wa mauzo. Mrututu wa babu yako ulitembea kwa miguu ya kahawa.

Kuna sababu mkopo ulihitajika, nayo haijabadilika mpaka leo. Dawa ya chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda mabichi ya kahawa, inatakiwa kuanza kupigwa mvua za masika zinapoingia, na kurudiwa. Mavuno yanaanza katikati ya mwaka na kuendelea hadi mwishoni. Pesa ya mnada inachelewa zaidi ya hapo. Mkulima anahitaji fedha wakati ambapo hana kabisa, na akizikosa, matunda yanaanguka yangali mabichi. Duka la pembejeo halitamkopesha kwa sababu halina namna ya kumpata baadaye. Mlanguzi atamkopesha, ila kwa bei yake. Wahaya wana neno lao kwa hilo, butura, kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa nusu ya thamani au chini yake. Chama kilikaa katikati ya hayo yote kwa sababu kilikuwa na kitu ambacho duka na mlanguzi hawakuwa nacho, yaani uhakika wa kuipokea kahawa na uvumilivu wa kusubiri mnada.

Baada ya vita ya pili bei ilipanda na KNCU ikapanda nayo. Ilijenga jengo lake kubwa Moshi mjini, fedha za kahawa zikasomesha watoto, na mfano wake ukatazamwa nchi nzima. Kanda ya Ziwa wakulima wa pamba walianzia kwenye mizani: waliajiri wapimaji wao wenyewe kwa sababu walihisi wanunuzi wanawapunja uzito, na kutokana na hapo, kwa uongozi wa Paul Bomani, likakua shirikisho la Victoria lililoundwa mwaka 1955 na kuja kuhesabiwa kati ya mashirika makubwa ya ushirika Afrika. Bukoba nao walikuwa na lao. Mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kikafunguliwa Moshi, ndicho leo Chuo Kikuu cha Ushirika. Unaona kwamba mpaka hapo ushirika ulikua kwa kusukumwa na kero ya mkulima: wadudu, mizani, mlanguzi.

Baada ya Uhuru ulianza kukua kwa namna nyingine. Serikali ilitaka ushirika kila mkoa, hata pale ambapo hapakuwa na zao la kuuza wala watu waliouomba. Idadi ya vyama ilikaribia kuongezeka maradufu katika miaka michache, ilhali makarani na wahasibu hawazaliwi kwa amri. Mwaka 1966 kamati maalumu ya rais ilichunguza na kukuta wizi, watendaji wasio na mafunzo, wanachama wasiojua chama chao kinafanya nini, na wanasiasa wanaoingiza mkono. Kumbuka mwaka huo, 1966. Miaka kumi kabla ya kufutwa, ugonjwa ulikuwa umeshaandikwa kwenye karatasi.

Sasa tuje kwa Nyerere. Babu yupo sahihi kwamba mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vyote. Kwamba ilifanya hivyo ili kuwakomoa Wachaga, hapo namwomba radhi, siwezi kukubaliana naye. Vyama vikuu vya Mwanza, Bukoba na kila mahali vilifutwa siku zile zile. Fikra ilikuwa kwamba vijiji vilivyosajiliwa kwa sheria ya 1975 ndivyo vitakuwa ushirika wa namna mpya, na mazao yatanunuliwa na mamlaka za serikali. Kwa kahawa ikaundwa Mamlaka ya Kahawa mwaka 1977. Lilikuwa kosa kubwa, na Nyerere mwenyewe alikuja kukiri hadharani kwamba kuvifuta vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Wakulima wa Kilimanjaro liliwauma kuliko wengi, kwa bahati mbaya ya wakati: Julai 1975 baridi kali ilikuwa imeunguza mibuni ya Brazili, bei ya dunia ikapaa mpaka kilele chake 1977, na mkulima wetu akaipokea neema hiyo kupitia mamlaka iliyokula sehemu nene njiani. Uchungu wa babu ninauelewa vizuri.

Ila mwulize swali moja zaidi. Je, miaka ya themanini hakuchukua dawa kwa mkopo? Nadhani atakumbuka kwamba alichukua. Mamlaka ilikuwa nzito na yenye kuchelewesha malipo, lakini kahawa bado ilikuwa na mlango mmoja, kwa hiyo pembejeo ziliendelea kuja na makato yakaendelea kukatwa. Sheria mpya ya 1982 ikarudisha ushirika, KNCU ikaanza tena 1984. Ukiangalia vizuri, kilichoua pembejeo kilikuja miaka kumi baadaye na wala hakikuwa na sura ya mtu mmoja wa kumlaumu.

Kwanza, mwaka 1989 makubaliano ya dunia yaliyokuwa yakigawa mgao wa kahawa yalivunjika, bei ikaanguka. Pili, ruzuku ya pembejeo ikaondolewa katika mageuzi ya uchumi, dawa ikapanda bei wakati kahawa inashuka. Tatu, mwaka 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Wakaja na magari yao mpaka njia panda ya kijiji, na fedha taslimu mkononi. Wakulima walishangilia, nami sikuwalaumu, maana chama kilikuwa kinawapa malipo ya awali na kuwaambia wasubiri majaliwa, yaani malipo ya nyongeza baada ya mauzo, ambayo miaka mingine hayakuja.

Lakini fikiria karani wetu. Amegawa dawa mwezi wa tatu kwa watu mia. Mwezi wa tisa linakuja gari la mnunuzi. Mwenye deni akiipeleka kahawa chamani atakatwa, akiiuza njia panda hatakatwa. Tuseme chama kiliweka nyongeza ya asilimia 5 juu ya bei ya dawa ili kufidia usafiri na kazi. Akikimbia mtu mmoja tu kati ya 20, nyongeza ya wote 20 imekwisha. Wakikimbia watatu, chama kimeingia shimoni.

Na shimo lile lina tabia ya kujichimba lenyewe. Deni la pembejeo kwa Union kwa kawaida lilikuwa la chama kizima, hivyo chama kililazimika kulipa kwa kukata kiasi fulani kwa kila kilo iliyoletwa. Tuseme deni ni milioni 10 na zimeletwa kilo 50,000: kila kilo ikatwe shilingi 200. Anayekatwa ni nani? Yule mwaminifu aliyeleta. Msimu unaofuata naye anajiuliza kwa nini alipe dawa ya jirani, anapeleka nusu ya kahawa njia panda. Zikibaki kilo 25,000, makato yanakuwa 400. Mwaka wa tatu hata mwenyekiti wa bodi anauza usiku. Nilikagua chama kimoja, sitakitaja, ambacho daftari la wadaiwa lilikuwa na majina ya watu waliokwisha kuzikwa, na bado kila kilo ya walio hai ilikuwa inakatwa kwa ajili yao. Mwanachama mmoja aliniambia kwa Kiswahili chepesi: "Hapa ukileta kahawa unaadhibiwa." Sikuwa na la kumjibu.

Ndivyo pembejeo zilivyokufa, Kilimanjaro na kwingineko, kila zao kwa njia yake. Kule kusini kwenye korosho wana kangomba yao, walanguzi wanaonunua korosho nje ya chama. Vyama 32 vya Kilimanjaro viliamua hata kutoka chini ya KNCU na kuuza vyenyewe, wakajulikana kwa jina la G32. Tangu 2018 serikali imeelekeza tena kahawa ikusanywe kupitia AMCOS, kwa hiyo mlango umerudishwa kwa kiasi. Lakini usiuegemee sana. Amri inaweza kufunga mlango, na bei nzuri ya upande wa pili ikaufungua usiku.

Baada ya haya yote, mfanye nini? Mna njia mbili mlizozitaja, nami nitaongeza kitu cha katikati.

Kuifufua AMCOS kuna faida za kweli. Ina usajili, ina mizani, kahawa inapita hapo kwa sheria, inaweza kuomba mkopo benki, na sasa ipo hata Benki ya Ushirika iliyozinduliwa 2025. (Vijana wengi hawajui kwamba herufi za CRDB nazo zilitokana na benki ya ushirika na maendeleo vijijini. Mambo huzunguka.) AMCOS pia inaweza kuomba kuwa wakala wa mbolea ya ruzuku. Hatari yake ni kwamba mnarithi kila kilichomo ndani, pamoja na deni ambalo hamkulikopa. Kabla hata mmoja wenu hajalipa kiingilio, ombeni kuona taarifa ya mwisho ya ukaguzi. Ni haki ya mwanachama, na wapo wazee kati yenu ambao ni wanachama tayari, watangulizeni wao. Ukaguzi wa vyama hufanywa na COASCO, shirika la ukaguzi wa ushirika. Mkiambiwa taarifa haipo, au "ipo kwa katibu naye amesafiri", basi mmeshajibiwa.

Kikundi chenu cha watu 60 kina faida ya kuanza na daftari jeupe. Mnafahamiana, mnajua nani analipa na nani ana maneno mengi. Udhaifu wake ni kwamba hakina mizani, kwa hiyo hakina dhamana ile ya karani. Kikundi kama hicho kikianza kukopesha dawa, kitakufa mwaka wa pili, na kitaacha uhasama utakaodumu kuliko kahawa yenyewe. Nimeona ndugu wa tumbo moja hawasalimiani kwa ajili ya lita mbili za dawa.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: nunueni pamoja, lakini msikopeshane. Pindueni mpangilio wa babu. Yeye alichukua dawa kwanza akalipa kwa kahawa. Nyinyi wekeni kahawa kwanza, mchukue dawa baadaye. Kila mmoja akipata malipo yake ya msimu, siku hiyo hiyo aweke kiasi kwenye akaunti ya pamoja kwa jina lake, kulingana na idadi ya mibuni aliyonayo. Mwezi wa kwanza kila mtu anaandikisha mahitaji, mnaagiza kwa jumla, mzigo unafika kabla ya masika. Aliyeweka kidogo anapata kidogo. Ambaye hakuweka anasubiri mwakani, hata kama ni mwenyekiti, na hasa kama ni mwenyekiti. Sitakudanganya kwamba ni rahisi, maana mwisho wa mwaka ada za shule na sikukuu zinaikimbilia pesa ile ile, na mkulima maskini kuliko wote ndiye atakayeshindwa kuweka. Mkopo ulikuwa unamsaidia yeye zaidi, na njia yangu inamwacha nyuma kidogo. Ni upungufu ninaoujua. Bado naona ni heri kuliko kuanza na deni, na baada ya misimu mitatu ya daftari safi mtakuwa na rekodi ya kuipeleka AMCOS au benki mkiwa mmesimama.

Kuhusu mbolea kuna jambo linalowapotosha wengi. Tangu msimu wa 2022/2023 mbolea ya ruzuku anauziwa mkulima aliyesajiliwa, kwa namba yake. Kikundi hakiwezi kwenda kwa wakala na kununua tani tano za bei ya ruzuku kwa jina la kikundi. Mnachoweza kufanya ni kuhakikisha wote mmesajiliwa kwa mtendaji wa kijiji na taarifa za mashamba ni sahihi, kisha mwende siku moja na kuchangia gari. Gari likijaa, nauli ya mfuko mmoja inashuka sana, na hapo ndipo penye nafuu yenu halisi.

Na hizo dawa feki zilizowauma. Kununua kwa pamoja hakuzuii feki. Kunaweza hata kuwafanya mfikiwe wote 60 kwa mzigo mmoja. Kinachosaidia ni kuwa na nguvu ya kudai risiti, kukagua lakiri na namba ya toleo, na kuweka chupa moja bila kuifungua mpaka msimu upite, ili pakitokea tatizo muwe na ushahidi. Muuza viuatilifu anatakiwa awe amesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu; wa mbolea anasimamiwa na TFRA. Mkianza nyinyi wenyewe kuuza viuatilifu kwa watu wa nje ya kikundi, mnahitaji kibali, kwa hiyo msifanye. Na tafadhali msije mkanunua dumu kubwa mkagawana kwenye chupa za soda. Najua inafanyika. Kuna watoto wamekufa kwa hilo.

Jambo jingine, japo hukuliuliza. Ikiwa mibuni yenu ni ile ya umri wa babu, mtanunua dawa ya chulebuni na kutu ya majani maisha yenu yote. TaCRI, kituo cha utafiti wa kahawa pale Lyamungu, wana aina zinazohimili magonjwa hayo mawili. Kubadilisha kihamba kidogo kidogo, safu moja moja kila mwaka, kunaweza kuwapunguzia bili ya dawa kuliko punguzo lolote la jumla. Bado mtahitaji mbolea, na wadudu hawakuondoka, lakini hesabu inakuwa nyingine.

Yapo mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuwafanyia. Nendeni kwa afisa ushirika wa wilaya, watu watatu, mkiwa na orodha ya majina na idadi ya mibuni ya kila mtu. Mwombeni awasomee hali ya AMCOS yenu na aje kwenye mkutano wenu wa kwanza. Mkiona dalili kwamba fedha za chama zimeliwa, msianze kutangaza vijiweni. Andikeni barua kwa mrajisi wa vyama vya ushirika kupitia ofisi hiyo hiyo, mtunze nakala iliyogongwa muhuri. Na mtu yeyote, awe wa benki au wa kampuni, akiwaletea fomu ya mkopo inayotaka kihamba kiwekwe dhamana, msisaini hapo hapo. Ipelekeni kwa mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria kwanza. Kihamba si cha mmoja, hata kama hati imeandikwa jina moja, na ugomvi wake huamuliwa na watu ambao hawakuwepo siku ya kusaini.

Ama kadi ya babu: nenda nayo chamani, uombe daftari la wanachama la baada ya 1984. Vyama vilipoanza upya, wanachama waliandikishwa upya. Kama jina lake limo, ana hisa zake, ana kura yake kwenye mkutano mkuu, na anaweza kukutaja wewe kuwa mrithi wa hisa hizo. Mwambie aandikishe mrithi angali na nguvu ya kusaini. Kama jina halimo, kadi ya 1958 haitampa fedha, lakini itampa haki ya kuuliza aliondolewaje, kama alikuwa akileta kahawa miaka yote hiyo. Usiiache pale ofisini hata wakikuomba kwa upole. Ipige picha mbele na nyuma, uwape nakala, kadi yenyewe irudi nyumbani kwa babu.